Yule Dada Hashuki: Kisa cha Mwigizaji na Mtoto wa Unga

Mtoto tulimtengeneza wenyewe, uani kwa mama mwenye nyumba tuliyopanga kule Nkuhungu. Kanga moja kuukuu, mfuko wa unga wa uwele wa kilo nne, na utepe wa kitambaa wa kubana shingo. Unga niliung'ang'ania mimi. Wenzangu walisema nguo tupu zinatosha, mtazamaji atajazia mwenyewe. Nikakataa. Nilisema mikono ya mwigizaji isiposikia uzito, atambeba mtoto kama furushi la dobi, na watu wa vijijini wanajua mtoto anavyobebwa, hawadanganyiki. Niliamini niko sahihi kisanaa. Ilinichukua wiki kadhaa kuona kwamba hata hapo nilikosea, ila hilo litakuja baadaye.

Mimi ni mwongozaji wa kikundi kidogo cha maigizo Dodoma mjini: waigizaji saba, mpiga zeze mmoja, na dereva wa Hiace ya kukodi. Jina la kikundi silitaji, la shirika lililotulipa silitaji, na la mwigizaji mwenyewe ndiyo kabisa. Amesoma maandishi haya kabla hayajatoka. Alifuta aya moja nzima na kuongeza sentensi moja, nitaionyesha ikifika.

Igizo lenyewe

Shirika lilitaka igizo la kupinga ukeketaji, maonyesho kumi na manne ndani ya wiki tatu, katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa. Kazi ya namna hii huku kwetu haikosi. Tangu 1998 ni kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba wakati nchi nzima wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 10, mkoa wa Dodoma peke yake walikuwa asilimia 47. Sheria ilileta jambo jingine pia ambalo wanaotunga mabango hawalisemi sana. Sehemu nyingine watu hawakuacha, walijificha. Sherehe zikafa, kisu kikahamia kwa watoto wachanga, maana mtoto mchanga hasimulii. Na kisingizio kipo tayari: lawalawa. Ndilo jina la kienyeji la maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto, ugonjwa ambao usafi na dawa vinautibu, ila Dodoma na Singida ilienea imani kwamba dawa yake ni kukata.

Basi igizo likawa hilo. Mama kijana ana mtoto wa miezi mitatu anayelia akikojoa. Bibi anasema ni lawalawa. Usiku anakuja ngariba. Damu haikati. Asubuhi mama amekaa chini na kanga mapajani. Mtoto tulimpa jina la Furaha, kwa hiyo mhusika mkuu akawa Mama Furaha. Naomba msomaji aliweke jina hilo pembeni, tutalihitaji.

Mtindo ulikuwa wa jukwaa shirikishi, ule ulioasisiwa na Augusto Boal wa Brazil. Mnaonyesha kisa mpaka kinapoharibika, kisha mwezeshaji anawauliza watazamaji: hapa palikuwa na njia gani nyingine? Igizo linarudiwa, mtu wa kijijini anapiga kelele "simama," anapanda na kuchukua nafasi ya mhusika, anajaribu njia yake. Ni mtindo mzuri na nimeupenda tangu chuo. Lakini ufanyie hesabu kwa upande wa mwigizaji. Akijaribu mtu njia isiyofaa, mtoto anakufa tena. Kuna siku Furaha alikufa mara tatu kabla ya saa kumi jioni.

Nilivyomwongoza

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Bahi, ana sauti inayofika nyuma ya umati bila spika. Kwenye usaili nilimuuliza kama anajua Kigogo, kama ana shida na kulala vijijini, kama ana simu inayopokea fedha. Sikumuuliza swali lingine lolote.

Kwenye mazoezi ya sehemu ile ya asubuhi, mama na kanga mapajani, alilia vibaya. Namaanisha alilia kama wanavyolia kwenye filamu zetu, mabega juu, kiganja usoni. Nikamtoa kando, nikamfanyia nilichofundishwa: kumbukumbu ya hisia. Unamwambia mwigizaji atafute ndani ya maisha yake jambo lililomuumiza, alirejeshe kwa harufu, kwa mwanga, kwa alichokuwa amevaa siku ile, na maumivu yake ya kweli yamwagike kwa mhusika.

"Chochote?" akaniuliza.

"Kinachouma kuliko vyote."

Akageukia ukuta. Ulikuwa ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa plasta, na alikuwa anaupitisha kidole kwenye mstari wa saruji, taratibu, kama mtu anayesoma. Labda dakika moja. Alipogeuka hakuwa amebadilika sana usoni, lakini alipoinama kumchukua mtoto ilimtoka sauti ambayo ilimfanya mama mwenye nyumba atoke jikoni na mwiko mkononi.

Tulipiga makofi. Wote saba na mimi.

Nisilolijua, na ambalo mmoja tu kati yetu alilijua, ni kwamba miaka miwili nyuma alizika binti wa miezi minane, aliyekufa kwa homa. Dada aliyekuwa analala naye chumba kimoja alijua, na alidhani na mimi najua, na kwamba ndiyo sababu nimempa nafasi ile. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alidhani nimefanya makusudi na hakushangaa. Waongozaji tumejijengea sifa hiyo.

Safari

Hiace ilikuwa na sanduku moja la vifaa, nalo lilijazwa na ngoma. Kwa hiyo mtoto wa unga hakuwa na pa kukaa. Alikaa mapajani kwake. Kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi, vumbi linaingia, mkono wake mmoja umekinga kichwa cha kanga pale gari inaporuka kwenye mashimo. Niliona kwa macho yangu kwenye kioo. Nikajisemea: huyu ni msanii kweli, anaishi na mhusika.

Halafu ikaja ile tabia yetu ya kuitana majina ya igizo. Inaanza kama utani. Aliyecheza ngariba akawa "Ngariba, pitisha chumvi." Huyu akawa Mama Furaha, asubuhi hadi usiku. Sasa kila anayezungumza Kiswahili anajua kuna nini ndani ya jina la namna hiyo. Mwanamke akizaa, watu wanaliacha jina lake wanamwita kwa mtoto. Mtoto akifa akiwa bado mchanga na ni wa pekee, watu wanaliacha lile jina polepole, kwa huruma au kwa aibu, na siku moja anasikia ameitwa tena kwa jina la usichana. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Kijijini kwao walishaacha kumwita Mama fulani. Sisi tukampa jipya, la mtoto wa unga, tukamwita nalo mara hamsini kwa siku.

Onyesho la tano sauti ilikauka. Nikamnunulia tangawizi. La sita akaanza kula peke yake, sahani mlangoni, mgongo kwetu. Mwenzake wa chumbani akaniambia usiku anaamka kwenda kuangalia kanga kama iko sawa. Nikasema ni uangalizi mzuri wa vifaa. La nane, tukiwa tunapakia, niliita jina lake halisi mara tatu, yuko hatua nne kutoka nilipo. Kimya. Mtu akasema, "Mama Furaha!" Akageuka papo hapo: "Abee."

Tukacheka. Na yeye akacheka.

Jioni hiyo dereva alinifuata ninaponawa miguu. Ni mzee wa watu, hana habari na sanaa, anatusubiri kwenye kivuli cha mbuyu kila onyesho na redio yake ndogo. Akasema, "Mwalimu, kila siku tukifika watu wote wanashuka. Yule dada hashuki." Nikamjibu kwamba huwa anachelewa kwa sababu ya mzigo. Akanitazama kidogo, akasema "Haya," akaenda zake.

Onyesho la tisa

Kijiji cha Bahi, uwanja wa shule, watu kama mia tatu. Tulifika kwenye marudio ya kwanza, mama amekaa chini, kanga mapajani. Bibi mmoja akatoka kwenye umati. Hakusema "simama," wala hakumsubiri mwezeshaji. Alikuja moja kwa moja, akapiga magoti kwa shida, akashika pindo la kanga akalivuta taratibu likafunika uso wa mtoto, kama afunikwavyo maiti. Akamwambia kwa Kigogo, amlete mtoto wakamlaze.

Mwigizaji akakaza mikono.

Bibi akavuta. Akakaza. Mfuko wa unga ukachanika kidogo, uwele ukaanza kumiminika kwenye sketi yake, mstari mwembamba wa kijivu. Umati ukanyamaza kabisa. Mwezeshaji wetu akanitazama akisubiri ishara. Ishara yetu ni mkono juu. Ukinyanyua mkono, igizo limesimama.

Sikuunyanyua. Niandike tu kama ilivyo: sikuunyanyua kwa sababu lilikuwa ndilo tukio zuri kuliko yote niliyowahi kuliongoza, na afisa wa shirika alikuwa anarekodi kwa simu. Dakika tatu, labda nne. Kisha mwigizaji akapiga ukelele wa jina, na halikuwa Furaha. Mwenzake wa chumbani aliiacha ngoma ikabiringika, akakimbia, akamkumbatia kwa nyuma. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Sentensi aliyoiongeza ni hii: "Nilisikia makofi nikadhani mvua imeanza, nikawaza nguo za mtoto ziko kwenye kamba."

Nini kilichotokea

Ni rahisi kusema alikuwa dhaifu, au kwamba hakupona msiba wake, hivyo hakufaa kwa kazi. Kuna mwigizaji wetu mkongwe aliyesema hivyo waziwazi: wao wamecheza wafiwa na wauaji tangu enzi za vikundi vya mashirika ya umma, wakimaliza wanakunywa chai wanalala. Simpuuzi. Ila nilimuuliza walikuwa wanafanya nini hasa baada ya onyesho, akanieleza kwa raha. Walivua mavazi mbele ya watu wakitaniana. Walipiga ngoma ya mwisho. Walirudi wakiimba kwenye lori, walimcheka aliyekosea maneno, walikula sinia moja. Alidhani ananipinga, kumbe ananipa jibu.

Mwili hausomi mswada. Ukilia kwa kukumbuka kifo cha kweli, moyo unakwenda mbio kweli, pumzi inakatika kweli, homoni za hofu zinamwagika kweli. Kinachomrudisha mtu ni alama zinazomwambia kwamba limekwisha: nguo, jina, chakula, utani, mzigo kutua. Ukitazama nyuma, alama zote hizo sisi tulimnyang'anya moja moja. Nguo alizochezea ndizo alizosafiria, tukaokoa muda. Jina tukambadilisha. Chakula akala peke yake nasi tukaheshimu "umakini" wake. Mtoto hakutua hata siku moja.

Sisi watu wa huku tunajua kabisa kwamba msiba una mlango wa kutokea. Watu wanalala chini, wanalia, siku zinahesabiwa, kisha tanga linaanuliwa: mikeka inakunjwa, uwanja unafagiliwa, mfiwa anaambiwa sasa oga, kazi iendelee. Haina maana kwamba uchungu umekwisha. Ina maana jamii imetangaza. Mimi nilimtandikia mwenzangu tanga mara tisa kwa siku kumi na mbili na sikuanua hata moja.

Wenye taaluma wana maneno yao. Mark Seton, mtafiti wa Australia, aliandika 2006 kuhusu msongo unaombakia mwigizaji baada ya igizo, akisema vyuo vinafundisha namna ya kufungua hisia na havifundishi namna ya kuzifunga tena. Katika saikodrama, tiba ya nafsi kwa njia ya kuigiza iliyoasisiwa na J. L. Moreno, kumvua mtu uhusika ni sehemu ya kikao chenyewe. Mtu aliyecheza mzazi wa mwenzake anatamka kwamba yeye si mzazi yule, anataja jina lake, ndipo anakaa. Na hiyo kumbukumbu ya hisia niliyoitumia kama msahafu, mwenyewe Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi ambaye mbinu hiyo inatoka kwake, alikuja kuipunguzia uzito. Stella Adler, mwigizaji wa Marekani, alipokutana naye Paris 1934 alirudi Marekani na habari kwamba mzee sasa anaanzia kwenye vitendo vya mwili na mazingira ya mhusika, si kwenye vidonda vya mwigizaji. Chuoni tulifundishwa sura ya kwanza ya mtu huyo tukaishia hapo.

Baada yake

Usiku ule nilifanya kosa jingine kwa nia njema. Niliwaweka wote kwenye duara, kila mtu aseme anavyojisikia. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ni vizuri. Yeye alikaa na blanketi mabegani, wenzake saba wanalia mmoja baada ya mwingine juu ya msiba wake, na kila aliyemaliza anamtazama kuona kama naye atasema. Hakusema. Alfajiri alikuwa ametapika.

Kupata msaada nako kulikuwa na kikwazo cha jina. Hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko mjini kwetu, na nchi nzima jina hilo limekuwa tusi: ukimkosoa mtu barabarani anakuambia wewe ni wa Mirembe. Hapo watu wanatibiwa na kurudi makazini kila siku, lakini nenda ukamweleze hivyo msichana anayetetemeka. Nilipotamka tu "wataalamu wa akili" aliniomba nisimpeleke huko, kwao watasikia. Tulikwenda kwenye zahanati moja ndogo kwa muuguzi mwenye mafunzo ya unasihi, mama wa makamo, aliyemwita kwa jina lake halisi tangu mlangoni, akamuuliza kwanza usingizi, kisha chakula, kisha kama anawaza kufa. Kwa utaratibu huohuo, bila kushusha sauti. Mimi nilitolewa nje.

Baadaye muuguzi aliniita akaniambia mambo machache. Kwamba huu si wazimu, ni msiba ulioamshwa. Kwamba asilazimishwe kusimulia. Kwamba kama usingizi na ndoto mbaya vitaendelea zaidi ya mwezi, arudi, kuna matibabu. Na akaniuliza swali moja: "Akiacha kucheza wiki hii, anakula nini?"

Hapo ndipo penyewe, na nashangaa tunapozungumzia ustawi wa wasanii tunaanzia kwenye mazoezi ya pumzi. Tulikuwa tunalipana kwa onyesho. Hujacheza, huna posho. Mkataba wetu, karatasi moja, ulikuwa na kifungu cha mwigizaji kuchelewa na kifungu cha mwigizaji kupoteza vazi, hauna neno kuhusu mwigizaji kuumia. Alijua tangu onyesho la nne kwamba hawezi, aliniambia hivyo baadaye. Alikuwa anadaiwa kodi.

Tulisimama siku sita. Maonyesho mawili yaliahirishwa na simu na afisa wa shirika haikuwa tamu. Tukalipa posho yake ya maonyesho yote kumi na manne kutoka kwenye fungu la dharura. Nafasi akaichukua mwenzake wa chumbani kwa hiari, kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe: siku ya kucheza isifuatwe na siku nyingine ya kucheza, na mtu wa pili afundishwe wapokezane.

Kilio tukakijenga upya bila kumbukumbu. Kuna kazi ya mwanasaikolojia wa Chile, Susana Bloch, aliyeonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba hisia kuu zina mwendo wake wa pumzi, mkao na uso, na mwigizaji anaweza kuingia kwa mlango huo na kutoka kwa mlango uleule. Hatukuwa na mkufunzi wa njia hiyo, tulijaribu tunachoweza. Kisigino cha kushoto kinakandamiza ardhi. Pindo la kanga kati ya vidole viwili, linasuguliwa kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Pumzi inaingia kwa vipande vifupi puani, inatoka ndefu mdomoni. Macho kwenye kitu kilicho mbali. Ukifanya hivyo pumzi sita, kilio kinakuja, utashangaa. Kutoka ni kusimama wima, kupumua sawasawa kwa pua, kupangusa uso wote kwa viganja. Zoezi la kujikung'uta mwili mzima nililolitoa kwenye video moja tulilifanya mara moja; watoto wa kijiji walikusanyika kuiga, tukaliacha.

Unga tuliutoa. Ulikuwa umeshaingia wadudu, tukawamwagia kuku wa mama mwenye nyumba. Mtoto akawa kanga tupu iliyokunjwa, na mwisho wa onyesho, mbele ya watu, mwigizaji anaikunjua, anaikung'uta, watazamaji wanaona hakuna kitu ndani. Kisha anataja jina lake na anakotoka: mimi naitwa fulani, naishi Nkuhungu. Mwezeshaji anawasalimia upya, "Mbukwenyi!", wanajibu, zeze linaanza. Tulifikiria kufunga kwa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, mzee mmoja wa Chamwino akatukumbusha kwamba ngoma hiyo ina historia yake kwenye shughuli zilezile za kuwacheza wasichana tunazozisema. Tukabaki na zeze.

Afisa wa shirika alikuja onyesho la kumi na moja. Aliniambia, kwa upole, kwamba huyu mpya halii kama yule. Ni kweli. Lakini nilikuwa nimekaa na daftari la mwezeshaji, na nikaona jambo ambalo lilinifunga mdomo. Katika maonyesho tisa ya kwanza, watu waliopanda kujaribu njia nyingine hawakuzidi wawili kwa kijiji, na wengi walikuja kumtuliza mama. Sasa walipanda watano, sita. Baba mmoja alipanda kama baba wa mtoto, mhusika ambaye hatukuwa naye kabisa, akabishana na bibi kuhusu lawalawa mpaka jua likazama. Kwenye msiba hakuna anayebishana na mfiwa. Kilio cha kweli kilikuwa kimewageuza watazamaji kuwa waombolezaji, na sisi tulikwenda kule kutafuta wabishi. Kilo nne za unga zilikuwa kosa hata kwa kazi yenyewe.

Yeye alirudi onyesho la kumi na tatu, kukaa tu na mpiga zeze. La mwisho aliomba awe ndiye anayekunjua kanga. Nilimuuliza muuguzi kwa simu, akasema muulize yeye, si mimi. Akaikunjua, akaikung'uta mara moja, akaikunja vizuri ya kuweka kabatini, akaenda kula na wenzake. Usingizi ulichukua wiki nyingine tano kurudi vizuri, na alirudi kwa muuguzi mara tatu. Siku hizi anacheza vichekesho vya redio na hataki jukwaa, na sijamshawishi.

Nilipomuuliza sasa tumwiteje, maana jina lake tulikuwa tumelichafua, alifikiri kidogo akataja jina la binti yake. Ndilo tunalomwita, Mama fulani, kwenye kikundi chote. Anaitika.

Mradi uliofuata, kwenye bajeti, niliingiza mstari wa malipo ya siku ambazo mwigizaji wa nafasi nzito anapumzika. Sikujua niuiteje, nikaandika "siku za kushuka." Mhasibu wa shirika alipiga simu kuuliza kama hizo ni nauli, na kama ni nauli, risiti za gari ziko wapi. Nilimweleza dakika kumi na tano. Akasema ameelewa, lakini kwenye mfumo wao hakuna fungu hilo, ataliweka kwenye usafiri.